Jaribio la Saa Moja Jioni

Umeme ulikatika mjini Mugumu kabla ya adhuhuri, na ilipofika alasiri ulikuwa bado haujarudi. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha ofisi tulichopanga mimi na mwenzangu wa kazi nyuma ya soko, kompyuta ikila betri taratibu. Nilikuwa nimepunguza mwanga wa kioo hadi ikanibidi niiname ili nisome. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, nayo niliiona ya usafi zaidi kuliko ya lazima: kuendesha majaribio ndani ya kontena.

Nieleze kwanza tulichokuwa tunakifanya, maana hata nyumbani kwetu kilichukua muda kueleweka.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Nimezaliwa wilaya hii ya Serengeti, katika kijiji kilicho upande wa mpaka wa hifadhi, ambako mtama ukianza kukomaa tembo nao huanza kuvuka. Watu wa kwetu wamelinda mashamba kwa zamu miaka yote, wakikaa juu ya madungu na kupiga madebe hadi mikono inakufa ganzi. Nilipomaliza chuo na kurudi, nilikutana na kijana wa Itiryo, upande wa Tarime, aliyekuwa anatengeneza simu na kompyuta hapa mjini huku akiandika programu kwa mapenzi yake. Tukaunda mfumo wa kupeana taarifa. Mlinzi akiona tembo anatuma meseji fupi, neno "tembo" na jina la mahali alipo. Mfumo unatazama usiku huo ni zamu ya nani, kisha unawatumia walinzi wote wa zamu hiyo kwa mpigo. Wanakimbilia pale na tochi kali, mavuvuzela na moshi wa pilipili. Kijiji kilikuwa na zamu mbili zinazopokezana, Zamu ya Mtoni na Zamu ya Mlimani, na mabadiliko yalikuwa saa kumi na mbili jioni.

Kiini cha mfumo huo kilikuwa kile tunachokiita maktaba. Si ya vitabu. Ni fungu la maelekezo ambalo programu nyingine huliita pale inapolihitaji. Maktaba yetu ilikuwa na kazi moja: kujibu zamu ni ya nani kwa saa hii. Kila tulipogusa chochote ndani yake tuliijaribu kwa maswali ambayo majibu yake tunayajua tayari. Jumatatu saa sita usiku, zamu ya nani? Jumanne saa moja jioni? Ikijibu sawasawa unapata mstari wa kijani. Ikikosea, mwekundu.

Hadi siku hiyo mfumo ulikuwa unaishi kwenye kompyuta ya zamani palepale ofisini, na kila umeme ulipokatika nayo ilizimika. Kwa hiyo tulikodi nafasi kwenye seva, kompyuta iliyoko mbali huko nje ambayo haizimiki. Asubuhi mwenzangu aliendesha majaribio kwenye kompyuta yake, mimi kwenye yangu, yote yakatoka kijani kuanzia juu hadi chini. Akahamisha mfumo. Kisha akafunga begi, akapanda pikipiki kwenda Itiryo kumzika baba yake mdogo.

"Ukipata muda malizia na kontena," aliniambia mlangoni. "Lakini usijiumize. Imeshapita."

Kontena ni kama kompyuta tupu unayoianzisha ndani ya kompyuta yako. Tata, yaani baba yangu, alipolisikia neno hilo mara ya kwanza aliuliza kama tumefungua duka, maana kwetu kontena ni lile la bati la kuuzia soda na sukari. Nilimwambia ni mahali pa kujaribia kazi pasipo na mazoea yako. Programu inayokwenda vizuri kwenye kompyuta yako inaweza kuwa imeegemea kitu ulichokiweka zamani ukakisahau. Ndani ya kontena hakuna cha kuegemea.

Kupakua vitu vyake kulikuwa kumenila bando na nusu ya siku. Nilipoendesha majaribio, mistari ilianza kushuka kijani, kijani, kijani, nikawa tayari nimenyoosha mkono kufunga kompyuta ili nibakize betri. Ndipo ukatokea mmoja mwekundu. Jaribio la saa moja jioni. Jibu lililotarajiwa: Zamu ya Mlimani. Jibu lililopatikana: Zamu ya Mtoni.

Nilirudia. Mwekundu. Nikayaendesha nje ya kontena, kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Kijani yote. Nikarudi ndani. Mwekundu, palepale.

Wazo la kwanza la mtu yeyote wa kazi hii ni kuilaumu kontena, na mimi nililaumu. Nilidhani kuna kitu hakikupakuliwa vizuri kwa sababu ya mtandao. Nikafungua nakala ya maktaba na kusoma mstari kwa mstari ile sehemu inayouliza saa. Haikuwa ndefu. Ilisema: soma saa ya mashine uliyomo, na kama imepita kumi na mbili jioni, hesabu zamu mpya. Niliusoma mstari huo zaidi ya mara moja kabla sijauona. Saa ya mashine uliyomo. Kompyuta yangu ilikuwa na saa ya Tanzania kwa sababu niliiwekea mwenyewe siku niliyoinunua. Ya mwenzangu vilevile. Kontena haikuwekewa chochote, kwa hiyo ilikuwa inasoma saa ya Ulaya, ile ya msingi ambayo mashine zote huanza nayo, na iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwetu ikiwa saa moja jioni, kwake ilikuwa bado mchana, na zamu ilikuwa bado ya jana.

Seva nayo hakuna aliyeiwekea saa.

Maana yake ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Kuanzia kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, meseji yoyote ya tembo ingekwenda kwa walinzi wa jana, watu waliokesha, ambao jioni hiyo wangekuwa wamelala au simu zao zimezimwa. Walinzi wa leo wangekaa kwenye madungu yao wakisubiri simu iite. Na tembo wa kwetu hawangoji usiku mkubwa. Wanatoka giza linapoanza kushika.

Usiku huo ulikuwa wa Zamu ya Mlimani. Tata alikuwa wa Mlimani.

Kurekebisha maktaba kwenyewe hakukunichukua muda. Niliongeza maelekezo kwamba saa zote zihesabiwe kwa Tanzania, popote mashine ilipo, nikaendesha majaribio ndani ya kontena, jaribio la saa moja jioni likageuka kijani. Lakini kijani kile kilikuwa kwenye kompyuta yangu. Ili kukifikisha kwenye seva nilihitaji kuingia, na kila mtu aliyejaribu kuingia alitumiwa namba za uthibitisho kwenye simu moja tu, simu ya mwenzangu. Nilimpigia. Haipatikani. Nikapiga tena nikitembea chumbani. Haipatikani.

Mke wake alikuwa na genge la mboga upande wa pili wa soko. Nilikwenda karibu kwa mbio, kompyuta nimeikumbatia kifuani. Alikuwa anamfungia mteja nyanya.

"Wifi, huyu mtu simu yake imezima."

"Iliondoka hapa haina chaji, umeme si ulikuwa umekatika?" Alinitazama usoni. "Kuna nini?"

"Nahitaji kumpata sasa hivi. Yupo nani mwingine kule msibani?"

Alifuta mikono kwenye kanga, akatafuta namba ya shemeji yake. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena. Safari hii ilipokelewa na nikasikia kwaya inaimba. Alizungumza Kikurya haraka haraka, kisha akanipa simu. Mwenzangu alikuja baada ya muda, akiongea chini chini.

"Dada, tupo kaburini."

"Pole sana. Ningekuwa na njia nyingine nisingekupigia. Kuna jaribio halijapita kwenye kontena."

"Kwangu yalipita yote."

"Hata kwangu. Kwenye kontena moja halijapita. La saa moja jioni."

"Hiyo ni kontena basi, iache. Nikirudi kesho tutaiangalia."

"Seva inasoma saa ya wapi?"

Kwaya iliendelea. Nilisikia mtu akimwambia asogee. Nadhani alitembea, kwa sababu sauti za watu zilipungua.

"Uliiwekea saa?" nikamuuliza tena.

"Hapana," alisema. Kisha: "Mura, nipishe kidogo," akimwambia kijana mwingine, na aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. "Leo ni zamu ya nani?"

"Mlimani."

"Mzee yupo?"

"Yupo."

"Simu yangu imezima. Kuna duka barabarani lina sola. Nakwenda. Wewe wapigie walinzi, uwaambie wasitegemee meseji."

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Wifi alinisogezea ndoo niikalie, nikaweka kompyuta juu ya kreti la nyanya na kuanza kupiga simu palepale. Mkuu wa zamu hakupatikana. Aliyemfuatia alipokea lakini alikuwa Musoma, amempeleka mtoto hospitali, na mtu aliyemwachia nafasi hakuwa na simu. Wa tatu aliitikia, akanisikiliza, akasema sawa, ila nilivyomsikia nilijua hakuelewa nini kimeharibika. Kisha nikampigia Tata.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Upo dunguni?"

"Ndiyo nakwea sasa."

"Ukiwaona leo usitume meseji. Meseji zitakwenda kwa watu wa Mtoni. Piga kelele, piga debe, mwite aliye karibu."

Nilisikia miti ya dungu ikilia chini ya uzito wake.

"Debe lipi?" aliuliza. "Si nyinyi mlikuja kwenye mkutano mkatuambia madebe yamepitwa na wakati? Langu mama yako anawekea maji ya kuku."

"Najua, Tata."

"Sasa leo meseji haifai?"

"Leo haifai hadi nirekebishe. Nikimaliza nitakupigia."

"Haya," alisema, na akakata. Tata hana maneno mengi kwenye simu.

Niliendelea kupiga. Wengine walipokea, wengine simu ziliita tu. Mteja mmoja wa wifi alisimama akinitazama kama mtu anayetazama ugomvi wa nyumba ya watu. Betri ya kompyuta ilikuwa imefika mahali ambapo alama yake inageuka nyekundu. Wifi aliona, akaniuliza inakula umeme wa namna gani, akamwita jirani yake, kinyozi mwenye jenereta ndogo. Tukavuta waya kupita juu ya mafungu ya mchicha. Sikumbuki kama nilimshukuru yule kinyozi. Alikuwa amemwacha mtu kwenye kiti, kichwa kimenyolewa nusu.

Kila meseji iliyoingia kwenye mfumo ilikuwa inanakiliwa kwenye simu yangu. Jua lilikuwa limezama na anga bado ina rangi pale simu ilipotikisika. *Tembo. Kwa mama wa kisimani.* Chini yake, orodha ya namba ambazo mfumo umezitumia. Niliifahamu kila moja. Zote za Mtoni.

Mama wa kisimani ni jirani yetu, mjane, shamba lake linapakana na la Tata. Hakuwa kwenye orodha ya walinzi niliowapigia, kwa sababu yeye si mlinzi. Alikuwa amefundishwa kutuma meseji tu, na alituma kama tulivyomfundisha. Nilimpigia. Alipokea akinong'ona.

"Wapo kwenye mtama, mwanangu. Ni wengi. Nimetuma, mbona hawaji?"

"Upo wapi?"

"Ndani, na wajukuu. Nimefunga mlango. Wapo karibu na ghala."

"Usitoke, mama. Zima koroboi, wasogeze watoto ukuta wa mbali na ghala. Watu wanakuja."

Nilisema watu wanakuja bila kujua kama kuna hata mtu mmoja. Nikampigia Tata. Simu iliita hadi mwisho. Nikapiga tena, ikaita hadi mwisho. Dungu lake linaona moja kwa moja nyumba ya yule mama. Nilijua asingeweza kukaa juu akatazama. Nilijua pia goti lake halimruhusu kukimbia. Nikapiga mara nyingine, wifi akanishika bega, akasema nimpe namba nyingine za walinzi apige yeye kwa simu yake. Tukagawana. Yeye alikuwa hodari kuliko mimi. Hakueleza mambo ya mfumo wala saa. Alisema tu, kwa Kikurya, kwamba tembo wapo kwa mama wa kisimani na wana wa mtu wamefungiwa ndani, na akakata kabla hawajauliza yeye ni nani.

Ndipo ikaingia simu kutoka Itiryo. Ilikuwa namba ya mwenzangu mwenyewe, imewaka.

"Omba namba sasa," alisema.

Niliomba. Tulisubiri wote wawili tukisikilizana pumzi. Mtandao wa kule ni wa kuvizia. Namba zilipomfikia alizisoma, mimi nikaziandika, seva ikakataa. Muda wake ulikuwa umepita.

"Omba tena. Nimepanda juu ya ukuta."

Niliomba tena. Alizisoma moja moja, kwa sauti ya mtu anayejizuia kupiga kelele. Zikakubaliwa. Nilipandisha maktaba mpya, nikawasha mfumo upya, kisha nikaandika mwenyewe meseji kama mlinzi: *tembo, kwa mama wa kisimani.* Orodha ikatoka. Mlimani, mtu kwa mtu.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ya mimi kufanya. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikaa juu ya ndoo, jenereta ya kinyozi ikinguruma, na kumpigia Tata, na simu yake ikaita, ikaita. Wifi alikuwa ameacha kuuza. Mwenzangu hakukata simu yake. Aliiacha wazi, na mara moja moja aliuliza, "Kapokea?" nami nikajibu hapana.

Aliyenipigia alikuwa mmoja wa walinzi. Nyuma yake mavuvuzela yalikuwa yanalia na watu wanapiga mayowe. Aliniambia wamewageuza, tembo wanateremka kuelekea korongo.

"Tata yuko wapi?"

"Mzee? Huyu hapa. Tumemkuta mlangoni kwa mama, ameshika mwenge."

Akampa simu. Nilitaka kumuuliza mambo mengi. Niliuliza kwa nini hapokei.

"Simu niliiacha dunguni," alisema. "Huwezi kuteremka umeshika miti, simu na moto kwa mikono miwili."

Nililia palepale sokoni, na wifi alinifunika na kanga yake ili watu wasione.

Kesho yake asubuhi nilipanda pikipiki hadi kijijini. Mtama wa mama wa kisimani ulikuwa umelala kama uliopitiwa na mafuriko, na ghala lilikuwa limeng'olewa ubavu mmoja. Tata alikuwa na malengelenge kwenye kiganja cha mkono alioshikia mwenge. Hakutaka niyaangalie. Mwenzangu alifika mchana moja kwa moja kutoka Itiryo, bado amevaa nguo za mazishi. Nilidhani tutaanza kwa kugombana, na nilikuwa na maneno yangu tayari. Alinipita, akaenda kwa yule mama, akapiga magoti kumwamkia na kumweleza mwenyewe kilichotokea. Nilisimama pembeni nikisikia.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa inasoma saa ya Wazungu," mama alisema alipomaliza kusikiliza.

"Ndiyo, mama."

"Na hamkujua."

"Tulijaribu kwetu, kwetu ikafanya kazi. Hatukujaribu mahali pengine kabla ya kuiachia."

Mama alitazama shamba lake. Hakufoka. Alisema angeshukuru wakimsaidia kusimamisha ghala kabla ya mvua, na wanaume wakaanza kazi siku ileile, mwenzangu akiwa mmoja wao, mikono ya shati lake jeupe imekunjwa. Maneno yangu niliyoyaandaa niliyaacha. Njiani kurudi Mugumu tulikubaliana jambo moja: hakuna kitakachokwenda kwenye seva kabla hakijapita ndani ya kontena, hata kama kuna msiba, hata kama umeme hakuna. Na namba za uthibitisho sasa zinakuja kwenye simu zetu zote mbili. Hatujawahi kuvunja makubaliano hayo, ingawa kuna siku tumekaa chumbani tukisubiri mtandao hadi tunachukiana.

Mfumo bado unafanya kazi. Kijiji cha pili kimeomba kuingia, na juzi watu wa Kenyamonta walikuja kuuliza. Lakini mama wa kisimani aliomba namba yake iondolewe. Alikuja ofisini mwenyewe siku ya gulio, akaketi, akakataa soda, akasema hana ugomvi na sisi ila usiku ule alituma meseji akakaa gizani na wajukuu akisubiri, na hataki kusubiri namna ile tena. Mwenzangu alianza kumweleza kuhusu majaribio. Nilimgusa mkono anyamaze, nikafungua orodha na kuifuta namba mbele ya macho yake, kama alivyotaka.

Siku hizi akiwaona tembo anamwita Tata kwa sauti, na Tata ndiye anayetuma.